Mama aliyemzaa ana nafasi nyumbani: mwongozo kwa familia zilizoasili mtoto Mombasa

Mwongozo huu ni wa mzazi aliyeasili mtoto, au aliye katikati ya safari hiyo, anayetaka kumheshimu mwanamke aliyemzaa mwanawe na hajui aanzie wapi. Sitaeleza utaratibu wote wa kuasili. Hayo utaelezwa na shirika la kuasili na wakili wako. Nitaeleza kazi ambayo hakuna ofisi itakayokufanyia: kumpa mama mzazi nafasi katika maisha ya nyumbani kwako, uwe unalijua jina lake au hulijui, bila kumfuta na bila kumtia chumvi.

Niseme msimamo wangu mapema. Mimi ni mama niliyeasili, naishi hapa Mombasa, na naamini kwamba shukrani kwa mama mzazi ni deni letu sisi tuliolea. Mtoto hadaiwi. Mengi yanayoharibika katika nyumba zetu huanzia pale tunapomtwika mtoto deni hilo: ashukuru kwamba alichukuliwa, ashukuru kwamba analala kitandani, ashukuru kwamba anasomeshwa. Hatua zote zilizo hapa chini zinatokana na imani hiyo.

Hatua ya 1: Uliza mapema, kabla watu hawajasahau

Wakati mzuri wa kukusanya habari za mama ni kabla mtoto hajaja nyumbani na katika miezi ile ya mwanzo. Sheria inataka mtoto awe ametimiza angalau wiki sita ndipo atangazwe kuwa anaweza kuasiliwa, na akae mikononi mwenu miezi mitatu mfululizo kabla ombi halijafikishwa Mahakama Kuu. Katika kipindi hicho mfanyakazi wa shirika, afisa wa watoto na walezi wa makao alikokaa bado wanakumbuka. Miaka mitano baadaye afisa amehamishwa, mlezi aliyempokea ameacha kazi, na kilichobaki ni karatasi yenye mistari michache.

Ukiwa umeajiriwa, kumbuka kwamba tangu 2021 sheria ya ajira ya Kenya inampa mzazi anayeasili likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kamili mtoto anapokabidhiwa kwake. Mwajiri anatakiwa kuarifiwa kwa maandishi angalau siku 14 kabla. Watu wengi hawajui haki hii. Itumie likizo hiyo kumzoea mtoto, na siku mbili tatu zitumie kufuatilia karatasi.

Watoto wengi hupitia mojawapo ya njia mbili, na kila njia ina maswali yake.

Ya kwanza ni ya mama aliyekaa na mfanyakazi wa shirika, akaelezwa maana ya anachotaka kukifanya, akatoa ridhaa yake. Mama huyu alizungumza, na alichosema mara nyingi kimeandikwa: umri wake, kwao ni wapi, anaongea lugha gani, ana watoto wengine, kwa nini hakuona njia nyingine. Uliza kama alimnyonyesha. Uliza kama alimpa mtoto jina, au aliacha ujumbe au kitu chochote. Uliza pia kama angependa kupata habari za mtoto siku za usoni; swali hili husahauliwa sana, na jibu lake litakuwa na uzito mkubwa mwanao atakapokuwa kijana.

Ya pili ni ya mtoto aliyepatikana: wodini baada ya mama kuondoka, mlangoni pa mtu, karibu na msikiti au kanisa, stendi ya matatu. Hapo kila kitu huanzia polisi. Pata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, jina la kituo, tarehe na saa aliyopatikana, na nakala ya barua inayosema mzazi alitafutwa na hakupatikana. Kisha uliza mtoto alikuwa amevaa nini, amefunikwa nini, kitovu kilikuwa kimefungwa vipi, alikuwa na njaa au ameshiba. Utaona haya kuuliza mambo kama hayo mbele ya afisa mwenye foleni nje ya mlango wake. Uliza tu. Mtoto aliyezungushiwa leso mbili na kulazwa kibarazani alfajiri, saa ambayo watu wanaelekea kuswali, aliwekwa pale na mtu aliyefikiria nani atapita. Hilo laweza kuwa jambo pekee ambalo mwanao atawahi kulijua kuhusu siku hiyo.

Usisahau afya. Huku Pwani selimundu, au sikoseli kama wengi tusemavyo, si ugonjwa wa nadra, na mtoto anayeugua ameurithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Kama historia ya familia haijulikani, omba apimwe mapema usingoje augue. Kuhusu virusi vya ukimwi, kipimo cha kawaida cha kingamwili hakitoshi kwa mtoto aliye chini ya miezi 18, maana huenda kikaonyesha kingamwili alizozipata kwa mama. Watoto wachanga hupimwa kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Na lolote litakalofichuka kuhusu afya ya mama yule, ni siri yake. Daktari wa mtoto aambiwe kinachohitajika kwa matibabu. Shemeji, jirani na kikundi cha WhatsApp cha familia hawana haja nalo. Kumstahi mwanamke ambaye hayupo kujitetea ni shukrani ya kwanza unayoweza kumpa, na haigharimu hata senti.

Hatua ya 2: Weka sanduku la mtoto

Nunua boksi la plastiki lenye kifuniko kinachobana. Bahasha ya kaki haifai. Unyevu wa mji huu unazila picha na kuzigandisha, na karatasi zilizowekwa juu ya kabati la jikoni huota madoa kabla mtoto hajaanza shule. Tia humo nakala za karatasi zote, nguo au leso aliyokuja nayo (usiifue kama bado haijafuliwa), bangili ya hospitali kama ipo, picha ya makao alikolelewa, na picha ya mahali alipopatikana ikiwa panajulikana. Piga picha karatasi zote uzihifadhi pia mahali pengine, kwenye barua pepe kwa mfano, na umwambie mtu mmoja unayemwamini sanduku liko wapi. Mtu huyo aweza kuwa yule mliyemtaja mahakamani kuwa mlezi wa mtoto iwapo nyinyi mtafariki.

Halafu chukua daftari uandike kwa mkono wako yote uliyoyasikia, ukiyagawa mafungu matatu: yaliyo kwenye karatasi, yaliyosemwa kwa mdomo na jina la aliyeyasema, na unayoyakisia wewe. Usiyachanganye. Baada ya miaka michache kumbukumbu huyaunganisha, na kisio lako la leo, kwamba huenda mama alikuwa msichana wa shule, litasimuliwa mezani kana kwamba lilithibitishwa. Fungu la tatu usimpe mtoto kamwe kama kweli.

Kama mama alimpa jina, libakishe. Najua wengi hupenda kuanza upya, na mahakama inaweza kuridhia majina mapya. Lakini jina lile pengine ndilo jambo pekee ambalo mama huyo alimfanyia kwa hiari yake na likaweza kusafiri naye. Kwa Wagiriama na jamaa zao wa Mijikenda, jina hufuata ukoo. Kadzo au Karisa anaweza siku moja kulitumia kujua watu wake. Likiwa la pili au la tatu kwenye cheti, hakuna linachopunguza.

Hatua ya 3: Kubalianeni mtamwitaje

Fanyeni hili mapema, baba na mama pamoja, na mwajulishe wote wanaoishi nyumbani, dada wa kazi akiwemo. Sisi tunasema "mama aliyekuzaa". Wengine husema "mama mzazi", au wakamwita kwa jina lake wakilijua. "Mama wako wa kweli" liepukeni, kwa sababu litamfanya mtoto ajiulize anayempikia uji asubuhi ni wa nini. "Yule mwanamke" pia liepukeni.

Hatua ya 4: Anza kusimulia kabla hajaelewa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wazazi wengi huchelewa. Wanangoja mtoto "apate akili". Wakati huo binamu amekwisha kumwambia, au amesikia mwenyewe akiwa amejilaza sebuleni watu wakidhani amelala. Akiyapata hayo nje, mambo mawili huvunjika kwa pamoja: anajua hukumzaa, na anajua ulimficha.

Kabla ya miaka mitatu, sema ukiwa unamwogesha au unampaka mafuta: "Wewe ulikua tumboni mwa mama aliyekuzaa, halafu ukaja kwetu, tukafurahi." Hataelewa. Unalizoesha ulimi wako, ili akianza kuelewa usisikie sauti yako ikitetemeka. Mtoto husoma sauti kabla ya maneno.

Kati ya miaka mitatu na sita atauliza kwa njia za ajabu, kwenye matatu iliyojaa, kwa sauti kubwa. "Mama, mimi nilikuwa tumboni mwako?" Jibu fupi na la kweli: "Hapana mwanangu. Ulikuwa tumboni mwa mama aliyekuzaa. Tukifika nyumbani tutazungumza." Na mkifika nyumbani, zungumzeni, hata kama amesahau.

Kati ya saba na kumi ataanza kufikiri kwamba ili aje kwako ilibidi mtu mwingine aondoke. Furaha ya hadithi hupungua hapo, na swali linakuwa moja: kwa nini? Zipo sentensi tatu ambazo sisi watu wazima huzikimbilia, na zote zina sumu.

"Alikupenda sana, ndiyo maana akakutoa." Mtoto atahesabu hivi: mama huyu naye ananipenda sana. Kwa hiyo?

"Alikuwa maskini." Siku mtakapochelewesha karo, au umeme utakapokatwa, atalala na hofu ambayo hatakuambia.

"Alikutupa." Hata kama gazeti lingeandika hivyo, hata kama ripoti ya polisi ina neno la namna hiyo, usilitamke. Anayetupwa ni takataka, na mtoto atajua ni nani aliyefananishwa nayo.

Sema unachokijua na uonyeshe mpaka wa unachokijua. Kwa mtoto ambaye mama yake aliridhia: "Mama aliyekuzaa alimwambia mfanyakazi kwamba hakuwa na mtu wa kumsaidia kulea mtoto wakati ule. Mtoto yeyote angezaliwa siku ile, ingekuwa vilevile. Haikuwa kwa sababu yako." Sentensi hiyo ya mwisho irudie mara nyingi kuliko unavyodhani inahitajika. Kwa mtoto aliyepatikana: "Hatumjui. Hatujui kwa nini. Tunajua ulipatikana mapema asubuhi, umefunikwa, na mzee aliyekuona alikubeba hadi kituoni." Neno "hatujui" ni zito kulitamka, na tunatamani kulijaza kwa hadithi nzuri. Usilijaze. Mtoto akiuliza "Unadhani alilia?", unaweza kujibu, "Mimi ningelia. Wewe unadhaniaje?" Hapo umemwachia yeye nafasi ya kuwaza, na hujamdanganya.

Akifika miaka kumi na moja, kumi na mbili, mambo magumu yaliyo kwenye karatasi yaanze kufunguliwa kidogo kidogo: mama aliyebakwa, mama aliyekuwa mtoto mwenyewe, mama aliyefariki. Katika hayo usijifanye shujaa. Tafuta mshauri nasaha aliyezoea watoto, na uongee na shirika lililowashughulikia. Mashirika mengi hukubali kukaa nanyi hata baada ya amri ya mahakama. Namba 116, simu ya bure ya watoto, inapokea pia wazazi wanaotaka ushauri.

Hadithi moja husaidia katika nyumba za Mombasa, uwe unatoka msikitini au kanisani, nayo ni ya Musa. Mama yake alimtia kwenye kisanduku akamweka mtoni kwa sababu kubaki naye kungemuua. Akalelewa katika jumba la Firauni, na mama aliyemzaa ndiye akaja kumnyonyesha. Qurani inaeleza, kitabu cha Kutoka katika Biblia kinaeleza, na hakuna kinachomfuta mmoja wa wanawake wale ili mwingine aonekane. Watoto hupenda sana kuisikia. Tahadhari moja tu: usiahidi kwamba na mama yake atarudi.

Hatua ya 5: Tayarisha jamaa na majirani

Nyumba za mji huu ziko wazi. Mtu huingia na hodi yake akaketi, akauliza. Kwa hiyo majibu yawe tayari mdomoni.

Kwa jirani anayesema, "Mashallah, Mungu atakulipa kwa kumwokoa mtoto wa watu", unaweza kusema: "Amina kwa dua, shoga yangu. Ila hakuna aliyeokolewa hapa, nilitaka mtoto na nikapata." Kwa anayeuliza mamake ni nani: "Hiyo ni hadithi yake. Akikua, akitaka, atakusimulia mwenyewe." Kwa anayesema, mbele ya mtoto, kwamba mama gani huyo asiye na huruma, usicheke ili mambo yapite. Sema hapohapo, kwa upole na kwa sauti inayosikika: "Huyo ni mama wa mwanangu. Tunamheshimu humu ndani." Mtoto anasikiliza utasema nini. Na anayetumia neno "wa kuokota" hana nafasi ya pili kwangu. Akitaka kunitembelea, aliache mlangoni.

Wazee wahitaji muda zaidi. Nyanya anaweza kuogopa kwamba kumtaja mama mzazi ni kumkaribisha aje amchukue mtoto. Mweleze sheria ilivyo: amri ya kuasili ikishatolewa, haki na wajibu wote wa mzazi umehamia kwenu, na mtoto anarithi kama mtoto wenu wa kuzaa. Mama mzazi hana njia ya kuja tu na kumbeba. Hofu ikipungua, wazee mara nyingi hushangaza. Wao ndio waliokua wakijua kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wakiruhusiwa kumhurumia yule mama, wengi humhurumia kuliko sisi.

Shuleni, zungumza na mwalimu mwanzoni mwa mwaka. Kazi ya kuchora familia huja mapema katika gredi za chini, pamoja na ile ya kuleta picha ya utotoni. Mwambie mwalimu mtoto anaweza kuchora akina mama wawili, na kwamba akiamua kuchora mmoja, pia ni sawa. Hadithi kamili mwalimu haihitaji.

Hatua ya 6: Toa shukrani kwa matendo, na ujue unamshukuru kwa lipi

Watu husema mama mzazi "alitupa zawadi". Nimeacha kabisa kusema hivyo. Zawadi hutolewa na mtu aliye nacho cha kutoa na anayeweza kuacha kutoa; wengi wa akina mama hawa hawakuwa na uchaguzi wa namna hiyo. Baba wa mtoto alikana. Familia ilimfukuza. Mwajiri alimwambia achague mimba au kazi. Ukimshukuru kwa "zawadi", unamshukuru kwa hasara yake, na mtoto akiusikia usemi huo anajiona kifurushi kilichopokezanwa. Tena furaha yetu na msiba wake vilitokea siku moja, na shukrani ya kweli haina budi kuvibeba vyote viwili.

Mshukuru kwa aliyoyafanya. Alibeba mimba, pengine akiificha chini ya dera, pengine akiuza mihogo Kongowea hadi wiki ya mwisho. Alizaa. Kama alikwenda kliniki, mtoto alipata chanjo kwa sababu yake. Kama alisaini, alikaa kwenye kiti mbele ya mtu asiyemjua akajibu maswali ya aibu ili mtoto apate familia kwa njia halali. Kama alimweka mahali penye watu, alimweka mahali penye watu. Hayo yanatosha. Hakuna haja ya kumfanya malaika, na mtoto atakapokua akajua kwamba alikuwa binadamu mwenye makosa, hatahisi umemdanganya.

Sasa matendo yenyewe. Siku ya kuzaliwa ya mtoto ndiyo siku yake yule mama pia. Kabla ya keki na wageni, asubuhi, mtajeni: katika sala, katika dua, au kwa sentensi moja tu, "Leo mama aliyekuzaa anakukumbuka, bila shaka, nasi tunamkumbuka." Mkiwa hamjui kama yu hai, ondoeni "bila shaka" na mseme "huenda". Mtoto asilazimishwe kusema lolote. Akitaka kukimbilia keki, akimbie.

Andika barua moja kila mwaka, hata kama hujui utaipeleka wapi. Ndani yake weka mambo ambayo mama angetaka kuyajua: amepoteza jino, anaogopa paka, anapenda viazi karai, ameanza kuogelea. Acha majina ya shule, mtaa na ukoo wenu. Ukipata shirika linalokubali kumhifadhia barua, ipeleke. Usipopata, iweke kwenye sanduku. Mtoto akizisoma akiwa mkubwa ataona kwamba mlimtaja mama yake mwaka baada ya mwaka wakati hakuna aliyekuwa akiwatazama.

La tatu ni kwa wanawake ambao leo wako katika hali aliyokuwa nayo yeye. Hili nalitilia mkazo kuliko mengine. Wapo wasichana wenye mimba Likoni, Kisauni, Changamwe, wanaofika hospitali kujifungua bila leso, bila pampasi, bila nauli ya kurudi. Zungumza na muuguzi wa kliniki ya akina mama iliyo karibu, au na mhudumu wa afya wa mtaa wenu, umuulize nani ana shida. Lipa usafiri, nunua vya mtoto, msaidie binti arudi shule. Sera ya Kenya inamruhusu kurudi baada ya kujifungua. Na lengo liwe abaki na mwanawe. Kama unamsaidia mama mjamzito huku ukitumaini kumpata mtoto, huo si msaada, na sheria inakataza kutoa au kupokea malipo kwa ajili ya kuasili. Sisi tuliopata watoto kwa sababu mwanamke mmoja hakuwa na mtu, tuna wajibu wa kuwa mtu kwa mwingine.

Na mtoto asiye na shukrani? Mwache. Atakapofika ujana atakuambia, "Wewe si mama yangu!", kama kijana yeyote anavyotafuta neno litakalochoma. Usijibu kwa kuhesabu ulivyomfanyia. Sema: "Nimesikia. Umekasirika. Mimi bado ni mama yako, na mama aliyekuzaa bado ni mama yako, na simu bado sikurudishii leo." Anaweza pia kumchukia yule mama miaka kadhaa. Usimtetee kwa haraka, maana hasira hiyo ni halali yake, na heshima yako kwake haitegemei yeye kukubali.

Hatua ya 7: Kwa Waislamu, kafala

Familia za Kiislamu nyingi hapa hulea kwa kafala, yaani kumlea mtoto wa mwingine kwa utaratibu wa Kiislamu bila kumfanya wa nasaba yako, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaitambua kama njia ya malezi, kama unavyoitambua Mkataba wa Haki za Mtoto katika kifungu cha 20. Katika kafala nasaba haibadilishwi. Surat al-Ahzab inaamrisha watoto waitwe kwa baba zao. Wengine huona hilo ni upungufu. Mimi, niliyepitia njia ya mahakama, naona lina nguvu ambayo sisi tunaitafuta kwa shida: asili ya mtoto haifichwi tangu siku ya kwanza, na mama mzazi hafutiki.

Mambo matatu yapangwe mapema na sheikh mnayemwamini. Kwanza umahramu, yaani undugu unaozuia ndoa na kuondoa ulazima wa kujisitiri: kwa madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi Pwani, mtoto aliyenyonyeshwa mara tano kamili kabla ya kutimiza miaka miwili huwa mtoto wa kunyonya, na hijabu nyumbani haiwi tatizo, dada au shangazi anaweza kumnyonyesha ikiwa mlezi hawezi. Pili urithi: mtoto wa kafala hana fungu katika mirathi, lakini mlezi anaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi. Uandike sasa. Tatu, karatasi za malezi kutoka kwa ofisi ya watoto, kwa sababu bila hizo hospitali na shule zitakusumbua.

Hatua ya 8: Mama akijulikana, au akijitokeza

Ikiwa amekubali mawasiliano, yapitie shirika. Anzeni na barua na picha, kisha muone. Kila upande uwe na uhuru wa kupunguza bila kulaumiwa. Mama anaweza kunyamaza miaka miwili kwa sababu ameolewa na mumewe hajui. Mnyamazie pia. Usimtafute kwa majirani zake, usiweke picha yake mtandaoni, usimtaje kijiji chake. Siri iliyomlinda siku zile huenda ndiyo inayomlinda hadi leo.

Akiomba pesa, na wengine huomba kwa sababu shida haijaisha, usimpe mkononi na usimtukane. Mwelekeze kwa shirika au kwa afisa wa watoto, umsaidie kupitia huko. Pesa kati yenu zinaweza kusomeka kama malipo, na zitaharibu kitu ambacho mtoto atakihitaji.

Akitokea mlangoni bila taarifa, mpe kiti na maji. Mtoto asiitwe hapohapo. Sikiliza, mweleze mtaongea tena mbele ya mfanyakazi wa shirika, kisha piga simu siku hiyohiyo. Mtoto aambiwe jioni, kwa utulivu, na wewe. Asiambiwe na mlinzi wa geti.

Kwa mtoto aliyepatikana, kijana anaweza kutaka kutafuta. Kumbukumbu zinazounganisha cheti cha kuasiliwa na cha kuzaliwa haziko wazi kwa umma. Kwa kawaida huhitaji amri ya mahakama, kwa hiyo tafuteni wakili. Atakuwa ameshaanza Facebook kabla hujajua. Mwambie tu kwamba utatafuta pamoja naye, na kwamba jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa asiviandike hadharani, maana wapo wanaojifanya jamaa ili wapate pesa.

Hatua ya 9: Kabidhi sanduku

Usingoje sherehe ya miaka 18. Kuanzia miaka kumi hivi ajue sanduku liko wapi na aweze kuliomba wakati wowote, mkalifungua pamoja. Karatasi ambazo hajaziona ziweke kwenye bahasha yake ndani ya sanduku hilohilo, na umwambie zipo na kwa nini zinangoja. Akitimiza 18, lote ni lake: asili za karatasi kwake, nakala kwako. Katika siku hizo mkumbushe pia kuhusu selimundu na magonjwa mengine ambayo historia yake haijulikani, ili apimwe kabla ya kuoa au kuolewa, na umpe namba ya simu ya shirika lililowashughulikia kama bado lipo.